Zamu ya Nyumba ya Timazi

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Timazi ulianguka asubuhi, watu wakinywa chai. Haukutoa kishindo. Ulishusha pumzi tu, kama mtu mnene anayejiweka kitini baada ya kutembea, kisha ukajilaza nje kwenye majani, umelowa mvua ya siku nyingi. Mama yake Timazi, aliyekuwa ameketi kitandani na kikombe mkononi, akajikuta anatazamana uso kwa uso na mbuzi wa jirani.

"Mke wa mwanangu," aliita bila kupandisha sauti, "hebu njoo uone. Nimepata dirisha."

Msusi alitoka jikoni mbio. Alimkuta mama mkwe wake hana hata mchubuko, amefunika kikombe kwa kiganja ili udongo usiingie kwenye chai. Akampapasa mabega, mikono, magoti.

"Mimi mzima," bibi alisema. "Mwangalie huyo mbuzi, ndiye aliyeshtuka."

Msusi hakucheka. Alikuwa anatazama nguzo zilizobaki zimebeba paa, zilivyoliwa na mchwa mpaka zikawa nyepesi kama makapi. Alimwongoza mama mkwe nje, akamwita binti yake, wakaanza kutoa vitu kabla upande wa pili haujaamua kufuata: magodoro, sanduku la nguo, masufuria, kiti anachokalia mteja anaposukwa. Hawajafika nusu, watu walishaanza kusimama njiani.

Nyumba kuanguka ni aibu, lakini hii ilikuwa nyumba ya mwashi. Jina la Timazi alipewa na wanakijiji kutokana na ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huning'iniza kupimia kama ukuta umesimama sawasawa. Hata asipokuwa nayo, haingii kwa mtu bila kufumba jicho moja. "Huu umelala," angesema kabla hajapewa pa kukaa. Siku za wiki alikuwa mjini akijengea watu maghorofa. Jumamosi jioni alirudi kulala katika nyumba ya miti na udongo aliyoachiwa na baba yake, ambayo kila mwaka aliapa kwamba mwaka huu haumaliziki ikiwa bado imesimama. Safari hii kiapo kilitimia, ila si kwa mkono wake.

Binti yao aliitwa Kasuku kwa sababu neno halilali mdomoni mwake. Alitumwa maji, akarudi na ndoo nusu na habari tele.

"Mama, kule bombani wanasema fundi anajengea matajiri ghorofa, mama yake anavaa nguo hadharani."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikawaambia bibi alikuwa ameshavaa."

"Asante, mke mwenzangu," bibi alimwambia mjukuu wake. "Umenisitiri."

Mchana walihamia kwenye ghala la jirani yao, mgane mmoja wa makamo aliyeitwa Mzee Redio kwa kuwa hata shambani alikwenda na redio yake begani. Ndiye mwenye mbuzi. Aliyasogeza magunia ya mahindi upande mmoja, akafagia, akatandika turubai, akasimama mlangoni akiona haya utadhani yeye ndiye anayepewa hifadhi.

"Panya wapo," alisema, "lakini si wakorofi."

*

Kwa miaka michache iliyopita kulikuwa na kikundi pale kijijini kilichojenga nyumba kwa zamu. Miti ya kujengea ilikuwa imekwisha msituni, matofali ya kuchoma yanakula kuni ambazo hazipo, na saruji ilikuwa kitu cha kuulizia bei na kuondoka. Ndipo mwanamke mmoja muuza mafuta ya taa, ambaye watu walizoea kumwita Mama Udongo, aliporudi kutoka kwa dada yake wa mbali na habari za mashine ya mkono inayoshindilia udongo wenye saruji kidogo tu mpaka ukawa tofali gumu, lenye meno ya kushikana na mwenzake. Walichanga, wakaipata mashine kuukuu. Anayetaka nyumba alikuja kufyatua matofali ya wenzake, akachimba misingi ya wenzake, na zamu yake ikifika wote wanahamia kwake.

Msusi aliingia mapema. Vidole vilivyozoea kupasua njia kwenye nywele viligundulika kuwa vyepesi pia kwenye kupanga matofali, na hakuwa na woga wa kupanda. Alishiriki kuezeka nyumba nyingi kuliko baadhi ya wanaume. Mumewe alikuwa anamwangalia akirudi ana vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Mmeoka biskuti ngapi leo?" angemuuliza. Hilo ndilo lilikuwa jina lake la matofali yale. "Mvua ikija mtazinywea chai."

Msusi alikuwa akinyamaza. Mtu akibishana na mwashi kuhusu ukuta, jioni yote inaliwa hapo.

Ijumaa ya wiki ile kikundi kilikutana uwanjani kwa Mama Udongo. Zamu iliyokuwa inafuata ilikuwa ya Mzee Redio. Matofali yake yalishafyatuliwa, yamekauka chini ya maturubai, yanasubiri mvua ikatike. Alisimama kabla hajaulizwa, akapunguza sauti ya redio, jambo lililowafanya watu wote wanyamaze.

"Nyumba yangu inavuja," alisema. "Kuvuja najua namna ya kuishi nako, nina ndoo. Hawa nyumba yao imelala chini. Waanze wao."

"Mzee, matofali ni yako," Msusi alisema. Uso ulikuwa umemwiva. "Sisi tutasubiri."

"Utasubiria wapi, mwanangu? Kwenye ghala langu? Mahindi yangu mapya nitayaweka wapi?"

Watu wakacheka. Msusi alicheka nao, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, na aliinama muda mrefu kidogo.

*

Timazi alizipata habari kabla hajakanyaga kijijini. Utingo wa lori lililompa lifti ndiye aliyemwambia, tena kwa kumpa pole yenye kicheko ndani yake. Aliingia kwenye ghala ameinama, maana lilikuwa fupi, na akabaki ameinama hivyohivyo mbele ya mama yake.

"Shikamoo mama. Umeumia?"

"Marahaba. Sijaumia. Kaa chini, utavunjika shingo."

Alikaa juu ya gunia. Alitazama kuta za ghala, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema ukuta upi umelala.

"Nilisema mwaka huu," alimwambia mkewe baadaye, walipotoka nje kukoka moto.

"Ulisema."

"Nilikuwa nadunduliza."

"Kikundi kinaanza kutujengea mvua ikikatika. Mzee Redio ametupa zamu yake na matofali yake."

"Biskuti."

Msusi aliweka kuni chini, akamtazama. "Una saruji, baba Kasuku? Una nondo? Kama unavyo, vilete, mimi nitakuwa wa kwanza kukuchotea maji. Kama huna, usiniharibie."

Timazi alichuchumaa mbele ya mafiga. Alipuliza moto mpaka machozi yakamtoka kwa moshi.

Kulikuwa na neno jingine ambalo Msusi hakulisema. Tangu mwaka uliopita mumewe alikuwa amebadilika. Hela aliyoleta ilipungua na maelezo yakapungua pamoja nayo. Alirudi amechoka kupita kawaida, ukimgusa mgongo anaruka, usingizini anashtuka na kushika ukingo wa kitanda. Msusi alizijumlisha dalili hizo kama ambavyo mke yeyote angezijumlisha, akapata jibu moja: mjini kuna mwanamke. Hakumwambia mtu. Alikuwa amejiwekea kwamba siku familia itakapolala chini ya paa zima, ndiyo siku atakayomuuliza.

Ukweli ulikuwa mwingine, na Timazi alikuwa ameubeba peke yake. Mwaka uliopita jukwaa la mbao alilokuwa amesimama juu yake lilikatika, akaanguka kutoka juu, akafikia kwenye lundo la mchanga. Hakuvunjika kitu. Alijikung'uta, wenzake wakacheka, naye akacheka. Siku iliyofuata alipokamata ngazi, mikono ilikataa. Alijikaza kisabuni, akajaribu tena wiki ile na wiki iliyofuata, na kila mara alirudi chini. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, lakini ghorofa haijengwi na mtu aliyesimama chini. Alimpa beleshi. Mwashi aliyekuwa akigombewa na wakandarasi akawa mkoroga zege, kwa malipo ya mkoroga zege, akipokea amri kutoka kwa vijana aliowafundisha mwenyewe namna ya kushika mwiko.

*

Jumapili Mama Udongo alikuja ghalani amevaa kitenge chake kizuri, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Shemeji, tumekuja kukuomba kazi."

"Mnaniomba mimi?"

"Siku zote tunajenga bila fundi. Tunajipima kwa macho na kwa kubishana. Hii ni nyumba ya fundi, tungetaka fundi aisimamie. Sisi tutakuwa vibarua wako."

Timazi alijua mwanamke huyu alivyokuwa na sababu ya kuja kumcheka. Mara nyingi, mbele ya watu, Timazi alikuwa ameziita nyumba za Mama Udongo mabanda ya kuku. Naye alikuwa amekuja na kitenge kizuri na neno "omba".

"Nitapiga simu kazini niombe ruhusa," alisema.

Ruhusa ilipatikana mara moja, kwa wepesi uliomuuma. Hakuna anayemshikilia mkoroga zege.

Mvua ilikatika, wakaanza. Siku ya kwanza Timazi alizunguka akiguna. Udongo huu, meno haya, kamba gani hii mmefunga. Aliamuru msingi uchimbwe upya kona moja kwa sababu aliona pana majimaji, na wakauchimba. Siku ya pili aliacha kuguna. Alivua shati, akapiga magoti kwenye mstari wa kwanza wa matofali, na watu wakaona kile ambacho watu wa mjini walikiona zamani: mtu mnene kiasi, mwenye mikono mifupi, ambaye akigusa tofali linatulia kama mtoto aliyepakatwa na mama yake. Alilaza mstari, akafumba jicho, akagonga moja kwa mpini wa mwiko, akasogea. Wanawake waliokuwa wamekuja kufanya kazi walisahau, wakabaki kutazama.

"Mnatazama nini?" aliuliza.

"Kumbe yanakaa hivyo," mmoja alisema.

Aliwaonyesha. Aliwaonyesha tena. Mchana Msusi alimwona ameketi kivulini anageuza tofali mapajani, analipapasa meno kwa kidole gumba.

"Biskuti hizo," Msusi alisema akipita na maji.

"Ni ngumu," Timazi alikiri. "Aliyezipika ana mkono."

"Aliyezipika ni mimi."

Timazi alilitazama tofali, kisha akamtazama mkewe kama mtu aliyeingia chumba cha nyumbani kwake ambacho hakuwahi kukifungua.

Kuta zilipita magoti, zikapita kiuno, zikafika usawa wa madirisha. Hapo Timazi alianza kupata shughuli nyingine. Jukwaa lilipofungwa, alisema fundi mkuu hapandi, anaelekeza. Kesho yake alisema lazima asimamie mchanganyiko. Kila mstari wa juu uliwekwa na Msusi na wenzake wawili, yeye akiwa chini anaita, "Rudisha, rudisha, acha hapo." Mzee Redio, aliyekuwa anapandisha matofali kwa mkono, alianza kuguna kila fundi anapopita. Msusi naye aliona. Alijiambia: hata nyumbani kwake mwenyewe, akili yake iko mjini.

*

Siku ya kupandisha kenchi za kubebea paa watu walikuja wengi kuliko siku zote, maana kuezeka ndiyo siku nyumba inakuwa nyumba. Seremala alikuwa amezikata na kuzigonga kenchi zote, lakini asubuhi ile akatuma ujumbe kwamba amefiwa na mkwewe, amesafiri. Ya kwanza ilibidi ikae sawasawa kabisa, kwa kuwa nyingine zote zingeifuata. Mama Udongo aligeuka. Wote wakageuka.

"Basi fundi wetu huyu hapa," alisema. "Leo utatupandia."

Timazi alifungua mdomo kutafuta sababu. Hakuipata. Mama yake alikuwa ameletewa kiti, ameketi mbele, amejifunga mtandio wa sikukuu. Binti yake alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili, uso umeng'aa. Timazi aliweka mguu kidato cha kwanza.

Cha pili alikifikia. Kwenye cha tatu alisimama.

Watu walidhani anatazama kitu. Mtu mmoja akasema, "Timazi anapima na ngazi," wengine wakacheka. Hakugeuka. Jasho lilimtoka shingoni na kuingia ndani ya shati, na ngazi ikaanza kugongagonga ukuta, tik, tik, tik, taratibu.

"Baba anatetemeka," Kasuku alisema.

Alisema kama anavyosema kila kitu, bila kufikiri, na safari hii alijiziba mdomo mwenyewe. Kicheko kilikatika. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kicheko: ukimya wa watu wanaomhurumia mtu mzima wakiwa hawajui waangalie wapi.

Msusi aliacha misumari aliyokuwa ameishika, akapanda nyuma ya mumewe. Alisimama kidato kimoja chini yake, mikono ikapita pande zote mbili na kushika ngazi, kifua chake kikauegemea mgongo wa mumewe.

"Niko hapa," alimnong'oneza.

"Shuka. Nitakuangukia."

"Huanguki. Legeza mkono wa kulia. Sio wote, huo mmoja tu."

"Haulegei."

"Kasuku alipokuwa anazaliwa uliniambia nini? Uliniambia pumua, huku wewe mwenyewe huna pumzi. Sasa na mimi nakwambia. Pumua, halafu teremsha mguu wa kushoto."

Aliteremsha. Walishuka hivyo, kama mtu mmoja mwenye miguu minne, mpaka chini. Msusi alimshika mkono bila kumtazama mtu, wakazunguka nyuma ya lundo la matofali yaliyobaki.

"Tangu lini?" aliuliza.

Timazi alimwambia. Alianzia kwenye jukwaa, akamalizia kwenye beleshi. Aliongea akiangalia vidole vya miguu yake.

Alipomaliza, aliona mabega ya mkewe yanatikisika. Akajua analia. Kisha akasikia sauti, akakuta anacheka, kaziba mdomo kwa khanga, halafu akakuta analia vilevile.

"Una nini?"

"Mwaka mzima," Msusi alisema, "mwaka mzima naishi na mwanamke wako."

"Mwanamke gani?"

"Nitajuaje? Nilimtengeneza mwenyewe. Mrefu, ana pengo, anakupikia kila siku. Nimeshamtukana kimoyomoyo mpaka matusi yamenikwisha. Na kumbe ni zege."

"Zege tu."

"Na mgongo?"

"Beleshi."

Msusi alifuta macho. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba Timazi anaogopa ngazi?"

"Hivyohivyo. Maneno matatu. Ningeyasikia, ningekupa chakula, tungelala."

Msusi alimpangusa jasho la shingoni kwa pembe ya khanga, kwa nguvu kidogo, kama anavyompangusa binti yake.

"Mimi narudi kazini," alisema. "Kenchi haiwezi kukaa chini siku nzima. Wewe unakuja, au unabaki hapa na matofali?"

*

Timazi alirudi. Watu walijifanya wana shughuli: mmoja anahesabu mabati yaliyokwisha kuhesabiwa, mwingine anafunga kamba iliyofungwa. Alisimama mbele yao na mikono yake imemning'inia.

"Naomba niseme," alisema. "Mwaka jana nilianguka kazini. Tangu siku hiyo sipandi. Sio kiburi wala sio umeneja. Mjini nakoroga zege. Mimi masomo yangu ya ngazi yameishia kidato cha tatu, kama mlivyoona."

Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kucheka, mpaka mama yake alipocheka, akafuatiwa na uwanja mzima, na ilikuwa aina ya kicheko ambacho mtu anaweza kuingia ndani yake. Mzee Redio alisogea, akazima redio kabisa.

"Mwanangu, mimi nilidhani unatudharau. Nimekusema vibaya kwa watu wengi. Itabidi nizunguke niwarudie mmoja mmoja."

"Usijisumbue, Mzee. Mwambie Kasuku, zitafika."

Msusi alipanda juu na wenzake. Kenchi ya kwanza ilinyanyuliwa kwa kamba, ikasimama ikiyumba. Timazi alijiweka chini, akatanua miguu, akafumba jicho.

"Kushoto," aliita. "Kidogo. Umepitiliza. Rudi. Rudi nusu ya hapo."

"Njoo uishike wewe," mkewe alijibu kutoka juu.

Watu wakamgeukia fundi. Timazi ndiye aliyecheka wa kwanza, akacheka mpaka akaketi chini, na Msusi akabaki ameikumbatia kenchi anamsubiri amalize.

Jua lilipoanza kulala upande mabati ya mwisho yalikuwa yamepigiliwa. Milango haikuwepo, sakafu ilikuwa udongo mtupu, na bibi tayari alishachagua chumba chake na kukaa katikati yake akiwa ameagiza kiti. Mama Udongo alimkuta Timazi anaosha mwiko.

"Shemeji, kile kijiji cha ng'ambo ya mto wanataka kujengea walimu wao nyumba. Walikuja juzi wakaona kuta hizi, wakaulizia fundi. Nami nina zamu nyingi hapa, kuanzia ya Mzee Redio. Malipo ya kule yapo, ingawa si ya mwashi wa mjini."

"Ya mkoroga zege je?"

"Ya kule yanayazidi hayo."

Timazi aligeuza mwiko upande wa pili. "Sipandi, Mama Udongo."

"Nimesikia. Nilikuwepo."

"Nakukumbusha tu, baadaye usije ukasema..."

"Wapandaji ninao mpaka wananikera. Mimi mwenyewe nikipanda kiti kuwasha taa naona nyota. Ninachokosa ni mtu wa kutugombeza ukuta ukilala." Alijifunga kitenge vizuri. "Kamuulize mkeo kwanza. Ndiye mwanachama."

Alikwenda kumuuliza. Msusi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama malipo ya kule yatatosha ada ya Kasuku. Timazi akasema yatatosha kwa kubana. Msusi akasema kubana amezoea, ila hajazoea kubana peke yake.

*

Jumatatu Timazi alipanda lori kwenda mjini. Alimkuta msimamizi chini ya jengo, shingo ameikunja akitazama juu.

"Umechelewa. Zege linakusubiri."

"Sijaja kukoroga. Nimekuja kuchukua vifaa vyangu, kule stoo."

Msimamizi alimtazama. "Umepata kazi wapi?"

"Najenga."

"Unapanda siku hizi?"

"Sipandi," Timazi alisema, na akashangaa jinsi neno lilivyotoka bila kukwaruza. "Najenga."

Mmoja wa vijana aliowafundisha alimsaidia kubeba gunia la vifaa mpaka barabarani, akampa mkono kwa heshima, kwa mikono miwili.

Alifika nyumbani mchana, jua bado kali. Alilishusha gunia, akanywa maji kata nzima, akaingia ndani na kuanza kupima mahali pa mlango wa mama yake, ambaye alikuwa anamwelekeza akiwa kitandani. Msusi alikuwa barazani anamsuka mteja, mwanamke wa mji mdogo wa jirani aliyekuja kila mwezi. Mteja alisikia nyundo, akageuza kichwa. Msusi akakirudisha mahali pake.

"Si ndiye baba Kasuku huyo?" mteja aliuliza. "Leo si Jumatatu? Mbona yupo?"

Msusi alipasua njia nyingine katikati ya nywele, akaitazama kama imenyooka, akaanza kuisuka.

"Anaishi hapa," alisema.